Sogeeni, Nafasi Ipo

Kwetu Kairo tangazo la Ramadhani hupikwa mapema kuliko futari yenyewe. Watu bado wamevaa masweta, hata mwezi wa Rajabu haujaandama, na sisi tunaoishi kwa muziki wa biashara tumeshaanza kuukaribisha mwezi mtukufu kwa nyimbo huku tunakunywa chai saa sita mchana. Ndiyo maana Ramadhani ikifika kweli hainishtui tena. Nakuwa nimeshaimaliza.

Mwaka ninaousimulia, Inji alinipigia simu niende ofisini kwao Muhandisin, mtaa wa wenye fedha. Inji ni binti wa shirika la matangazo, kwa umri angeweza kuwa mwanangu, na huniita ustadh kwa sauti ileile anayomwitia mlinzi wa magari. Alinipa kahawa bila kuuliza kama nakunywa na sukari, akanieleza kazi. Kampuni ya samli inataka wimbo. Mwigizaji wa kukaa mezani na kutabasamu wameshampata, na huyo amekula karibu bajeti yote, kwa hiyo mwimbaji maarufu hakuna. Wanachotaka ni sauti ya ukoo mzima uliokaa kwenye futari ya siku ya kwanza, watu wanaimba wanavyoimba nyumbani, huyu kachelewa, yule kapanda juu mno, mtoto anadakia asipotakiwa.

“Nikisikia nione njaa, ustadh,” alisema, “halafu nimkumbuke shangazi yangu ambaye hata simpendi.”

Nikamwuliza atanipa waimbaji wangapi. Akaanza kupanga kalamu zilizokuwa mezani. Nikajua waimbaji ni mimi.

Nilikubali, kazi ni kazi, lakini kwenye ngazi za jengo lile nilicheka peke yangu hadi bawabu akaniangalia vibaya. Kairo ina watu wasiohesabika, na kati ya wote hao kazi ya kutengeneza kelele za ukoo wamempa mtu anayeishi na friji.

Naishi mtaa wa Faisal, ghorofa ya saba, kwenye jengo ambalo lifti yake ni pambo. Niliwahi kuoa, ndoa ikaisha kwa heshima na bila watoto. Chumba cha kulala nimekifanya studio, magodoro ukutani, mablanketi mlangoni, kipaza sauti katikati, na kitanda kimehamia sebuleni. Mgeni akija hukaa kitandani. Nasema akija, maana ni muda mrefu sasa tangu kitanda kile kikaliwe na mtu mwingine.

Kwetu hasa ni mtaa wa Sayyida Zaynab. Mama anaishi huko na kaka yangu mkubwa, Mamduh, na mke wake na watoto, na dada yangu Nagwa anakaa ghorofa ya juu yao. Siku ya kwanza ya Ramadhani kila aliyetoka katika nyumba ile hurudi kufuturu pale. Jambo hilo halijadiliwi. Bata huchinjwa, mlenda hupikwa, na kwenye meza ya watu sita tunakaa watu kumi na kitu, viwiko vinagombana. Baba alikuwa na kawaida yake. Kabla hajagusa tende alikuwa anakohoa kidogo, mara mbili, halafu anasema, “Sogeeni kidogo, nafasi ipo.” Alisema hivyo hata kama hakuna aliyesimama. Tulikuwa tunasogea tu, tukazoea.

Mimi nilikuwa sijafuturu pale tangu baba afariki.

Alifariki mwishoni mwa Shaabani ya mwaka uliotangulia. Hema la matanga likapigwa mtaani, viti vikapangwa, msomaji akasoma Kurani vizuri sana, na wanaume wakawa wanaingia kutupa mkono wa pole. Pembeni kuna mkahawa, na mkahawa una televisheni. Msomaji alipopumzika kunywa maji, kwenye ile televisheni likaja tangazo langu la sabuni ya unga, la makofi na vigelegele, ambalo nililitengeneza miezi nyuma na kulisahau. Mwenye mkahawa ni mtu mwema. Kwa wema wake huo akaongeza sauti na kuwatangazia wateja kwamba wimbo ule kautunga mtoto wa marehemu. Hakuna aliyecheka, ila niliona mzee mmoja kwenye hema mguu wake unapiga pigo, na niliona Mamduh naye ameuona ule mguu.

Wageni walipokwisha, kaka aliniambia, “Baba anasomewa, na wewe unamchezea ngoma.” Nikamjibu si mimi niliyeongeza sauti. Akasema nitoke, asinione kwa wakati ule. Nikatoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na watu wetu ni watiifu kwa wahenga. Wote walikwenda kulima, hakuna aliyetuingilia.

Nikangoja waniite. Ramadhani ile ikaja siku chache baadaye, nikakaa karibu na simu hadi taraweh zikaisha, nikala maharage. Sikukuu ya Idi Nagwa alipiga, sauti imemkauka, akanitakia heri ya kila mwaka, kisha akampa mama simu. Mama aliniambia, “Na wewe mwanangu, usisahau kumfikishia mama yako salamu.” Nikacheka. Mama ni mtani mkubwa, nikadhani ananisimanga kwa kutofika, nikajibu kwamba salamu zimefika. Mimi ninayejisifu kuwa na sikio.

Basi nikaanza kazi ya samli, na nitasema wazi nilichokuwa nakitaka, maana kampuni haikukijua. Nilitaka siku ya kwanza ya Ramadhani, adhana ya magharibi ikimalizika, wakati Misri nzima ina tende mdomoni na macho kwenye televisheni, ndugu zangu wausikie wimbo huu, wajisikie wenyewe ndani yake, na mmoja wao anyanyue simu na kuniambia njoo. Basi. Samli ilikuwa kisingizio.

Huwa naanza na mwendo. Nilitembea kwenye ukumbi wangu mdogo nimeshika sufuria yenye maji ya moto, kutoka jikoni hadi kitandani, nikatafuta mwendo wa mtu aliyebeba chakula na hataki kimwagike lakini anaitwa. Mwendo huo si wa ngoma yoyote ninayoijua. Ukiupata, kijiko kwenye bilauri kinatosha kuushika. Nikautandikia nyuzi za udi, kwa mahadhi ya Bayati, nikaupeleka. Inji akanipigia baada ya muda mfupi.

“Ustadh, nani kafa?”

Nikautupa. Nikabadili kuwa Rasti, nikaongeza dufu na nyuzi za kanuni, nikaukaza uchangamke. Safari hii akaniambia kwamba ni harusi nzuri, ila ni harusi ya watu asiowajua. Nilimkasirikia mchana mzima. Jioni nikakubali kwamba binti ana sikio.

Alikuwa amesema kweli, na ubaya wake ni kwamba nilijua ninachopaswa kufanya na nilikuwa nakikwepa. Vyombo haviwezi kukaa mezani. Kilichotakiwa ni watu, na watu ninaowajua kwa sikio, kila pumzi, ni wale wa Sayyida Zaynab. Ningewatengeneza mmoja mmoja kwa koo langu, niwapange mmoja juu ya mwingine hadi wajae.

Nikasubiri asubuhi ya Ijumaa, ndiyo saa pekee ambayo Faisal hunyamaza. Nikaanza na jikoni. Kampuni ilinitumia debe la samli, nikakaanga kitunguu saumu na giligilani mbele ya kipaza sauti, ikapiga kelele tamu. Lakini mlenda wetu hauishi bila ile pumzi. Mpishi akimwagia kitunguu saumu cha moto kwenye sufuria lazima avute pumzi kwa kishindo, kama aliyeshtuka. Asipofanya hivyo mlenda unajitenga, ndivyo wanavyosema akina mama, na sijaona mwanamume jasiri wa kuwabishia. Nikavuta. Ikatoka sauti ya mtu aliyekalia sindano. Nikavuta tena na tena, hadi Bi Afaf wa mlango wa pili akagonga kuuliza kama moyo unanisumbua. Nikamwambia ni kwikwi. Akaniletea ndimu, akarudi kwake, nami nikabaki mlangoni na ndimu mkononi, nikatamani angekaa kidogo, lakini ningemkalisha wapi?

Nikafumba macho nikamkumbuka mama. Yeye havuti kwa kifua. Anainua bega la kulia kwanza, pumzi inafuata bega. Nikainua bega. Ikaja yenyewe.

Baada ya hapo walikuja wote. Mamduh huimba kwa noti moja, nzito, nyuma kidogo ya wenzake, wimbo umngoje yeye. Nagwa huenda juu kuliko nguvu zake na hajali. Shangazi Bahiga, ambaye aliishi kwetu hadi alipofariki, hushangilia wimbo kabla haujafika penye kushangiliwa. Watoto wa Mamduh niliwafanya kwa kubana pua, na hapo nilijua simfahamu hata mmoja alivyo sasa, sauti zao nilizozitoa ni za watoto ambao hawapo tena, wameshakua. Mama haimbi maneno. Anaguna tu wimbo na midomo imefungwa, kama anayeonja chumvi.

Baba nilimwacha mwisho. Nilikuwa namwogopa.

Sauti yake haikuwa kooni, ilikuwa kwenye kidevu. Nikakiteremsha kidevu hadi kifuani, nikaweka ulimi pale ambapo yeye alipungukiwa na jino, nikakohoa mara mbili. “Sogeeni kidogo, nafasi ipo.” Nikafanya mara moja tu, sikuweza ya pili. Kisha nikavaa vipokea sauti nikausikiliza wimbo wote tangu mwanzo, ukoo mzima ndani ya chumba chenye magodoro ukutani, na alipofika baba nikajikuta nimesogea kwenye kiti. Kweli nilisogea. Nikalia kwa sauti, nikashukuru kwamba safari hii Bi Afaf hakuja kugonga.

Inji alipoupata hakupiga simu, aliniita. Chumba cha mikutano kilikuwa kimejaa watu wa kampuni. Wakaupiga wimbo, wakacheka penye kucheka, dada mmoja akafuta macho. Inji akataka kujua yule mzee ni nani, wampige na picha. Nikamwambia ni mimi. Hakuamini, ikabidi nikiteremshe kidevu pale pale, mbele ya chupa zao za maji. Mkurugenzi wao wa mauzo, aliyekuwa anachezea simu muda wote, akaiweka chini. Akasema mzee huyo afungue tangazo na alifunge, na zitengenezwe fupi fupi za sentensi yake peke yake, za televisheni na za redio, zipigwe mwezi mzima, asubuhi hadi daku.

Nikataka kusema hapana. Sauti ile nilikuwa nimeikopa nyumbani kwa kazi moja. Halafu nikafikiri kwamba ikipigwa mara nyingi ndiyo watasikia upesi. Nikasema sawa.

Siku ya kwanza ya Ramadhani nilifagia nyumba. Nilirudisha kitanda ukutani kikae kama kochi, nikapika chakula cha mtu mmoja kisha nikakiona kidogo, nikaongeza. Sijui nilidhani nani atakuja, mimi ndiye niliyetaka kwenda. Shati nilikuwa nimelipiga pasi. Adhana ikaisha, nikanywa sharubati ya kamardini, na tangazo likaja.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Madirisha yote ya Faisal yalikuwa wazi, na televisheni zote zilikuwa kwenye stesheni ileile. Baba alikohoa kutoka kila nyumba. Chini, juu, ng’ambo ya barabara, kwenye kibanda cha sigara, watu wasiomjua wakaambiwa wasogee, na nikasikia familia moja jirani inacheka na kweli viti vinaburuzwa. Nilikaa katikati ya sauti zile na sahani mbili. Sijawahi kuwa mpweke vile, hata siku tuliyomzika.

Simu ikalia. Nagwa.

“Wagdi, umemfanya nini mama?”

Nilikuwa nimeshatayarisha maneno mengine kabisa. Nikamwuliza kuna nini, akanieleza, na nyuma yake nilisikia vyombo na mtu anayembembeleza mwingine. Wimbo ulipoanza, alisema, Mamduh aliweka kijiko chini. Watoto wakaanza kuonyeshana vidole, huyo baba, huyo shangazi Nagwa, na yeye mwenyewe alicheka hadi akapaliwa alipojisikia anavyopayuka. Kwa muda ule mdogo, basi, nilifanikiwa. Halafu mzee akakohoa. Mama akasimama. Akafunga mtandio vizuri, akawaambia hawana adabu, wameanza kula na Baba Mamduh, yaani mumewe, hajaingia ndani, akaenda kufungua mlango.

Walimweleza kwamba ni tangazo tu, akawasikiliza, akabaki mlangoni. Walizima televisheni. Lakini jengo lile lina tundu la hewa katikati, jikoni zote zinatazamana huko, na televisheni za ghorofa zote zinasikika.

“Kila likipigwa anakwenda mlangoni,” Nagwa alisema. “Tumechoka kumrudisha. Mamduh amempelekea kiti huko huko.”

Nikauliza mama amekuwa hivi tangu lini. Akajibu bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika.

“Tangu matanga. Ungekuja ungejua.”

“Hamkunialika,” nikasema.

“Nani anaalikwa kwao, Wagdi?”

 Akaniambia kwamba wageni ndio huitwa. Mwana wa nyumba akingoja kuitwa, watu wa nyumba hufikiri amewakataa. Mamduh alisema mimi ndiye nisiyewataka, kwamba nimekuwa mtu wa Muhandisin. Hata hivyo mwaka jana siku ya kwanza aliweka sahani yangu mezani, na leo ameiweka tena, kwa mkono wake, na ole wake mtoto atakayeigusa. Mwaka jana Nagwa aliiosha ikiwa safi. “Na leo nitaiosha,” akasema. “Mkataa kwao mtumwa. Njoo kesho, umwambie mama kwa mdomo wako kwamba ile sauti ni yako, labda atatulia.”

Kwa hiyo nilikwenda. Nilinunua kunafa, kitamutamu cha siagi na shira, kisha nikaona aibu kuishika, maana kunafa huletwa na mgeni, na bado niliishika. Mamduh alinifungulia mlango. Amekuwa na mvi. Alinikumbatia kwa nguvu kuliko nilivyotegemea, akaniambia sikioni, “Sauti yangu umeitoa mbaya, mimi siimbi hivyo,” nikamwambia anaimba hivyo hasa, na hapo ugomvi wetu ukafa, jambo dogo namna ile. Watoto wake wakubwa wameanza kuota ndevu. Nikakalishwa mbele ya sahani yangu.

Mama alikuwa amekaa karibu na jikoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nikambusu mkono, kisha kichwa, nikasema, “Mama, ni mimi, Wagdi.” Akanitazama kwa upole mwingi, upole ambao hajawahi kunipa maishani; mimi alikuwa ananipa kofi na kitumbua. Akanikaribisha. Akaniambia nyumba yetu ni nyumba yako, akamwamrisha Nagwa ampe mgeni paja la bata. Nagwa alilia, akaingia jikoni. Nilikuwa nimengoja mwaka na zaidi nialikwe katika nyumba ile, na sasa nimealikwa.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba ile sauti anayoisikia ni mimi, ni kazi yangu, ni biashara ya samli tu. Akaitikia ndiyo, ndiyo, samli imepanda bei. Tukaanza kufuturu. Tende zilikuwa bado mdomoni tangazo lilipopanda kutoka kwenye tundu la hewa, ghorofa kwa ghorofa, na baba akakohoa. Mama akaweka mkono kwenye meza ainuke. Niliona uso wake unavyofunguka, uso wa mke kijana, na niliona Mamduh amefumba macho, anangoja kumfuata tena. Sikuweza. Nikateremsha kidevu.

“Sogeeni kidogo, nafasi ipo.”

Mama aligeuka. Alikuja hadi nilipo, akanishika mkono, akaniinua kwenye sahani yangu, akanikalisha kwenye kiti cha baba, kichwani mwa meza, ambacho tangu matanga hakuna aliyekikalia. Akakaa ubavuni kwangu.

“Umechelewa, Baba Mamduh,” akasema. “Bata amepoa.”

Akaniondolea ngozi kwenye nyama, namna alivyokuwa anamwondolea baba kwa ajili ya presha yake, akanitolea mifupa na kunisogezea mlenda.  Nikala. Mlenda ulikuwa mtamu, nisiseme uongo, na mama alikuwa anacheka peke yake kwa furaha, ananipangusa bega ambalo halikuwa na vumbi. Halafu akainama karibu nami, akashusha sauti wengine wasisikie.

“Na Wagdi umemwona huko nje?”

Nikasahau kidevu. “Mama, Wagdi ni mimi,” nikasema kwa sauti yangu.

Uso wake ukajifunga. Akautoa mkono begani kwangu, akautazama mlango, akaanza kuinuka. Nikarudisha ulimi pale penye jino la baba.

“Nimemwona,” nikasema.

Akakaa. “Hajambo?”

“Hajambo.”

“Mwambie aje basi. Mwambie hapa hakuna aliyemkasirikia.”

“Nitamwambia.”

“Anakula nini huko peke yake?”

Nilitafuta jibu kwa sauti ya baba, nikalikosa. Kwa sauti yangu nililipata, ila hilo ndilo nisingeweza kulisema. Mamduh ndiye aliyetuokoa. Alimwambia mama kwamba Wagdi yuko njiani, magari tu ndiyo yamemkwamisha, na alisema hivyo huku ananitazama mimi.

Mama akaridhika. Akaivuta sahani yangu kutoka pale niliponyanyuliwa, akaiondolea kile nilichokuwa nimekigusa, akaanza kuijaza upya. Akaweka wali, akaweka majani ya mzabibu, akalitafuta paja la pili la bata akaliweka juu, na ngozi yake yote. Akaifunika kwa sahani nyingine chakula kisipoe. Nikanyoosha mkono kumsaidia, akaupiga kofi, akaisukuma sahani mbali nami, hadi upande wa pili wa meza.

“Hiki usikiguse,” akaniambia. “Cha mwanangu.”